Kisigino cha Shali

Kisigino cha mateka, mguu wa mwanao. Ndivyo yule mama wa sokoni leo alivyomwambia mgambo aliyekuwa akimpiga muuza mihogo aliyekwisha kufungwa mikono, nanyi mkacheka mkidhani ni matusi. Si matusi. Kaeni niwaambie maneno hayo yalikotoka, na atakayecheka tena aondoke.

Zamani, kabla bunduki hazijafika huku kwetu, mji wa Mtondooni na mji wa Kitapwa ilipigania kisima. Vita vyenyewe vilikuwa vya siku tatu tu. Watu wa Mtondooni walimteka mtu mmoja, Shali, mfumaji nguo, ambaye alikuwa ameangusha ngao na kuinua mikono. Wakamkabidhi kwa Mngumi, msimamizi wa ngome.

Mngumi alikuwa na uchungu wake. Mwanawe wa pekee, Madi, hakurudi kutoka vitani, na watu walisema ameuawa. Basi akachukua kisu akamkata Shali mshipa wa kisigino cha kulia. Wazee walipomuuliza sababu, alisema, "Mlinzi husinzia. Kisigino kilichokatwa hakisinzii."

Wazee wakacheka. Mimi sehemu hii inanichukiza kuliko kisu chenyewe, kwamba walicheka.

Mwezi wa pili baada ya vita ukaja ujumbe kutoka Kitapwa: Madi yu hai, wanaye wao, na wako tayari kubadilishana. Mkewe Mngumi, Mwanashee, aliangua kilio cha furaha akaenda kutwanga mpunga. Mngumi hakulia wala hakufurahi. Alikuwa akiijua desturi ya miji ile: mateka hubadilishwa hali kwa hali, mzima kwa mzima, kilema kwa kilema, ili mtu asiharibu wa mwenzake kisha adai wake akiwa salama.

Asubuhi ya siku ya makutano alimfunga Shali kitambaa mguuni. "Ukisimama wima, leo unalala kwenu," alimwambia.

"Nitasimama," alijibu Shali. Naye alikuwa na kwao.

Walikutana kwenye mto mkavu. Madi alisimama ng'ambo, amenenepa kidogo, nguo safi. Mjumbe wa Kitapwa akaita, "Shali, njoo."

Shali akapiga hatua moja, akapiga ya pili, akaanguka. Mjumbe akavuka, akapiga magoti, akafungua kitambaa. Akauona mshipa uliokatwa.

"Alitoroka?" aliuliza.

"Hakutoroka," alisema Mngumi.

"Sisi wenu tulimlisha. Desturi unaijua, bwana. Tumkate naye tubadilishane, au kila mtu arudi na aliyekuja naye."

"Nikateni mimi! Mimi ndiye niliyefanya!"

"Wewe si mateka."

Madi akapaza sauti kutoka ng'ambo. "Baba, alikukosea nini?"

"Nilidhani wamekuua, mwanangu."

"Na ndiye yeye aliyeniua?"

Mngumi alitazama kisu kiunoni mwa mjumbe, akatazama miguu ya mwanawe.

"Mrudisheni," alisema. "Abaki na miguu yake."

Madi akageuka akaenda, anatembea vizuri, na baba yake akamtazama mpaka akapotea. Kisha ikabidi arudi nyumbani, na Shali hakuweza kutembea. Mngumi akainama, akambeba mgongoni.

Mwanashee alikuwa langoni. Aliona kwa mbali mumewe amebeba mtu, akakimbia akipiga kelele, "Mwanangu! Mguu umefanya nini?" Akafika, akamwinua kichwa yule mtu, akakuta si sura aliyoizaa.

Mngumi akamweleza yote, mzigo ukiwa bado mgongoni. Mama yule hakupiga kelele tena. Aliuangalia mguu wa Shali uliokuwa ukining'inia, akamwambia mumewe mbele ya wazee wale wale:

"Kisigino cha mateka, mguu wa mwanao."

Safari hii hakucheka mtu.