Bei Kabla ya Mkasi

"Bei kabla ya mkasi." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia fundi wa paa maneno hayo, mkacheka, kwani bati halikatwi kwa mkasi wa mshonaji. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Lushoto, kwa Bi Nuru Shekalaghe.

Bi Nuru alishona sare za shule, na cherehani yake ilikuwa imechoka hata ikawa inaruka mishono. Akaenda kwenye chama cha akiba na mikopo kuomba mkopo anunue nyingine kabla shule hazijafunguliwa. Akanyimwa. Aliambiwa jina lake lina madoa mawili: mkopo mmoja alichelewa kuulipa, mwingine hakuumaliza. La kwanza alilijua, ni mwaka ule mumewe alipougua. La pili lilimchoma moyo, maana deni lile alilimaliza na risiti anayo.

Haikupita wiki akaja kijana mtanashati, Hemedi, mwenye ulimi wa asali. Alisema kazi yake ni kusafisha majina ya wakopaji: mama atoe ada, atulie, madoa yote yatafutika. Majirani wawili walikuwa wameshampa. Bi Nuru akaingia ndani kuchukua akiba yake yote. Alipokuwa akitoka akauona mkasi wake juu ya kitambaa cha mteja, akasita. Mshonaji wa hapa hashiki mkasi mpaka bei nzima itajwe na kukubaliwa, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani.

"Mwanangu," alimwuliza Hemedi, "mpaka jina litakate, nitakuwa nimekulipa jumla kiasi gani?"

"Leo ni ada hii tu, mama. Halafu kila mwezi kidogo kidogo."

"Mpaka lini?"

"Hiyo inategemea."

"Na doa lisipotoka?"

"Ada huwa hairudishwi, mama."

Akamwuliza atafanya nini hasa. Hemedi akasema atawaandikia wakopeshaji barua, awaombe wasahihishe.

"Barua hata mimi naweza kuandika," alisema Bi Nuru. "Na kwangu ni bei kabla ya mkasi. Wewe unataka unikate kwanza, bei baadaye."

Mimi namvulia kofia mwanamke yule. Alikuwa na shida iliyomfika shingoni, na bado aliuliza. Hemedi alinyweshwa chai, akaagwa vizuri, lakini pesa zilifungwa kwenye pindo la khanga.

Kesho yake alikwenda chamani na risiti yake. Kosa likasahihishwa bila kutozwa hata senti. Doa la kuchelewa lilibaki, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Karani alimwambia wazi kwamba hilo halina sabuni ila kulipa vizuri na muda kupita. Alipewa mkopo mdogo kuliko aliouomba. Akauongezea ile akiba iliyonusurika, akanunua cherehani iliyokwisha kutumika, na shule zilipofunguliwa watoto wa mtaa mzima walivaa kazi ya mikono yake.

Na wale majirani wawili? Mmoja wao ni shangazi yenu. Alilipa kidogo kidogo mpaka akachoka, na jina halikutakata. Ndiyo maana fundi wa paa bado amesimama pale nje na bati lake begani, ngazi hajaipanda. Bei kabla ya mkasi.