Kichwa cha Mbogo Kilichokataa Kushuka Baiskelini

Nianze au nisianze?

Anza!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, yote mawili!

Basi moja nitegeeni mimi, na jingine lilazeni mkononi, maana hadithi hii ina usingizi ndani yake.

Hapo kale, si kale sana kwa sababu baiskeli zilikwishakuwapo, palikuwa na mbuga ya nyasi za manjano. Jua likipanda, hewa ya mbuga ile ilitetemeka kama maji, na ukitazama mbali uliona twiga wanaelea bila miguu. Katikati ya mbuga palikuwa na chemchemi moja tu. Maji yake yalitoka chini ya jiwe taratibu, bubu-bubu-bubu, kama mtoto anayeongea usingizini.

Wanyama wa mbuga ile walikuwa na baiskeli moja, nyeusi, nzito, yenye kengele na keria. Kila asubuhi Punda Milia alifunga madumu mawili kwenye keria, akawapelekea maji wasioweza kufika chemchemini: Bi Kobe aliyezeeka, na Digidigi aliyejifungua juzi. Mbele, juu ya usukani, alikaa Sange. Mnamjua Sange? Mdogo kama panya, pua ndefu inayochezacheza, na miguu isiyotulia hata akikaa. Kazi yake ilikuwa kupiga kengele. Ngri-ngri! Pisheni maji! Ngri-ngri!

Sange aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Upepo ulimpapasa masharubu, nyasi zikakimbilia nyuma, naye akafumba macho akaona kama anaruka.

Siku moja akaja Mbogo. Mbogo mwenyewe, shingo kama gogo, pembe huku na huku. Akaitazama chemchemi. Akaitazama baiskeli.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Yetu sote, mzee," Punda Milia akajibu.

"Sasa ni yangu. Na maji haya?"

"Yetu sote, mzee."

"Sasa ni yangu."

Nani abishane na pembe zile? Punda Milia akafungua madumu. Sange akateremka usukani, akaingia shimoni kwake, akabaki kuchungulia.

Basi Mbogo akapanda baiskeli, akaanza kuizunguka chemchemi. Kwacha-kwacha, kwacha-kwacha, tangu jua linachomoza mpaka linazama. Hakushuka kula, aliogopa akishuka baiskeli itaibiwa. Hakunywa maji, aliogopa akinywa yatapungua. Aliokota sufuria iliyoachwa na wasafiri, akaivaa kichwani, akaifunga kidevuni kwa kamba, akakaza, akakaza tena, isije ikaibiwa nayo. Shingo aliinyoosha mbele kutwa nzima, macho ameyabana juani, anatafuta wezi.

Jioni akashuka. Kichwa: ndu! ndu! ndu!

Kesho yake akapanda, akazunguka, akashuka. Kichwa: ndu! ndu! ndu!

Siku ya tatu akapanda, akazunguka, akashuka. Kichwa: ndu! ndu! ndu! Mpaka meno yakawa yanauma.

Siku ya nne asubuhi Mbogo akanguruma, ndege wote wakaruka. "Waganga wa mbuga hii wako wapi?"

Akaja Ngiri na tope, akampaka usoni. Tope likakauka, likalibana paji la uso kuliko mwanzo. Ngiri akafukuzwa. Akaja Nungunungu, akasema, "Mzee, tukikidunga kidogo tu na mwiba..." Hakumaliza. Alifukuzwa mbali zaidi ya Ngiri.

"Sikilizeni nyote!" Mbogo akapiga kelele. "Leo jua likifika juu ya kile kilima na kichwa hiki bado kinapiga, nitaingia kila kichaka na kila shimo, nikanyage ninachokikuta. Siwezi kuumwa peke yangu!"

Sange alisikia. Alisikia pia sauti ndogo kutoka kichaka cha jirani, mtoto wa Digidigi akisema, "Mama, hata mate sina." Sange akasogea mlangoni mwa shimo. Uganga hakuujua, hata jani moja la dawa hakulijua. Lakini siku tatu alikuwa amechungulia, na aliyoyaona ameyaona. Akatoka.

"Shikamoo, mzee Mbogo."

"Marahaba. Wewe nawe ni mganga?"

"Wa baiskeli," Sange akasema. "Vichwa vingine sivijui. Naomba kuuliza. Kinaanzia wapi?"

"Shingoni. Kinapanda kisogo, kinazunguka hapa kwenye kamba, kinashuka machoni."

"Jana ulikunywa maji?"

"Nikinywa si yatapungua?"

"Ulikula?"

"Nikila nani atalinda?"

Sange akatikisa pua. Angeweza kumwambia palepale: kunywa, kula, legeza kamba, pumzika kivulini. Ingekuwa dawa ya kweli. Na Mbogo angepona, akapanda tena, akazunguka mpaka Bi Kobe akauke ndani ya gamba lake. Sange akameza ukweli huo, akavuta pumzi.

"Mzee," akasema polepole, "ukishuka baiskelini, kuna mwenzako hashuki. Ndani ya kichwa chako amepanda Kizunguzungu. Wewe umesimama, yeye bado anaendesha. Husikii?"

Mbogo akatega sikio kwake mwenyewe. Ndu! ndu! ndu!

"Namsikia," akanong'ona. "Mteremshe."

"Kwanza fungua kamba, apate mlango."

Mbogo akafungua kamba. Sufuria ikaanguka, kwang! Palipobanwa pakaanza kupumua. "Aaah," akasema. "Amesogea."

"Sasa anywe. Lakini hateremki akisikia mnywaji mmoja. Lazima wanywe wengi, glu-glu-glu, mpaka adhani mvua imenyesha."

"Wengi?" Mbogo akaruka. "Watanimalizia!"

"Haya mzee, kwaheri. Kaa naye. Kesho ataoa."

Sange akageuka kwenda zake, akihesabu hatua. Moja. Mbili.

Ndu! ndu! ndu!

"Rudi!" Mbogo akalia. "Waite! Waite wanywe!"

Wanyama wakaja. Walikuja kimyakimya, hawaamini, wakainamisha vichwa. Glu-glu-glu. Punda Milia akajaza madumu mawili, akayaficha nyuma ya nyasi. Digidigi akaja na mtoto wake, mtoto akazama mpaka masikio. Na Mbogo katikati yao akanywa kama asiyewahi kuona maji, akanywa mpaka tumbo likawa linalia.

"Taratibu, mzee," Sange akasema. "Usimshtue. Pumzika, kisha unywe tena. Lamba jiwe la chumvi lililo pale kando. Mara moja inatosha. Haya, kula majani kidogo."

Mbogo akalamba. Mbogo akala. Kichwa kikapiga ndu, kikanyamaza, kikapiga ndu, kikanyamaza.

"Sasa lala chini ya mgunga ule, shingo uilegeze, macho uyafunge."

Mbogo akalala. Kivuli kikamfunika kama shuka. Sange akapanda juu ya pembe, akakaa karibu na sikio, akaanza kupiga miguu yake midogo, tiri-tiri-tiri, tiri-tiri-tiri, kama gurudumu linaloteremka mteremko bila kukanyagwa.

"Unaendesha," akanong'ona. "Hakuna kilima. Hakuna jua. Nani yule mbele yako? Tiri-tiri-tiri. Nani yule?"

Mbogo akakoroma. Masikio yakacheza. Mbuga nzima ikanyamaza, ikabaki chemchemi tu, bubu-bubu-bubu, na upepo ukichana nyasi upande huu, kisha upande ule. Hata Sange mwenyewe kope zikamlemea. Kwa muda hakujua kama yuko juu ya pembe au juu ya usukani, na kama yale manjano yaliyokuwa yanakwenda yalikuwa nyasi au mawingu. Jua likateleza kidogo kidogo kuelekea kilimani.

Mbogo akafungua macho. Hakuinuka.

"Sange."

"Naam, mzee."

"Nimeota naendesha juu ya maji, na wala silowi. Magurudumu yalikuwa miezi miwili ya angani. Mbele yangu nikaona kichwa changu kinaendesha baiskeli nyingine, peke yake, kimevaa sufuria. Nikakiita. Hakikugeuka."

"Na sasa kinauma?"

Mbogo akasikiliza. Akatikisa kichwa kushoto, akatikisa kulia. Hakuna ndu hata moja.

"Kimya," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nasikia ndege. Hawa ndege walikuwapo siku zote?"

"Siku zote, mzee."

"Kumbe." Akatazama huku na huku. "Na yeye, Kizunguzungu? Amekwenda wapi?"

Hapa Sange akanyoosha pua yake ndefu kuelekea kwenye baiskeli. Ilikuwa imesimama juani, imeegemea jiwe, na juu ya tandiko lake jeusi hewa ya moto ilikuwa ikicheza, inapinda, inajikunja, inanyooka.

"Yule pale amekaa."

Mbogo akakodoa macho. "Namwona," akanong'ona. "Mungu wangu, namwona."

"Ukipanda, anapanda. Na kiu aliyonayo ni ya siku tatu, haondoki karibu na chemchemi. Mimi ningekuwa wewe, ningekwenda kukaa ng'ambo ya kilima. Kuna mto, kuna matope mazuri. Mchana jua likiwa kali lala matopeni. Kunywa kila ukisikia kiu, usingoje. Kula ushibe. Hatakuja."

Mbogo akainuka, taratibu, asije akasikika. Alipiga hatua tatu, akasimama.

"Sange. Yule naye haumwi, kukaa juani peke yake?"

Sange hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akalitazama lile jitu lenye shingo kama gogo, limesimama na jani lililobaki mdomoni, linamhurumia mtu asiyekuwapo. Ukweli ukampanda mpaka kwenye ncha ya ulimi. Kidogo tu aseme, mzee, hakuna mtu pale, ni joto. Akamwona mtoto wa Digidigi amelala kando ya maji, tumbo limejaa. Akaufunga mdomo. Kisha akaufungua.

"Tutampeleka kivulini, mzee."

"Mpeni na maji," Mbogo akasema. Akaondoka. Alipofika juani mbali, miguu yake ikapotea kwenye mtetemeko wa hewa, akawa anaelea, pembe na mgongo tu, mpaka kilima kikamficha.

Punda Milia akatoka nyasini na madumu yake. Akayafunga kwenye keria, akaipangusa baiskeli. Lakini kabla hawajapanda, Sange alisema wasubiri. Akaisukuma baiskeli kwa pua, nusu hatua, nusu hatua, mpaka ikaingia kivulini, akainyunyizia tandiko matone mawili ya maji.

"Ya nini?" Punda Milia akauliza.

"Nimeahidi," Sange akasema.

Jua lilipopoa wakaondoka. Bi Kobe alikuwa amejifungia ndani ya gamba siku nne, hasemi. Sange akagonga gamba kwa pua, ko-ko-ko. Kimya. Akagonga tena. Punda Milia akamwaga maji mkondo mwembamba mbele ya mlango wa gamba. Wakangoja. Wakangoja mpaka Sange akaacha kuchezesha miguu. Ndipo ulimi mdogo wa kijivu ukatoka, ukagusa maji, ukarudi, ukatoka tena.

"Mmechelewa," Bi Kobe akasema. Na akanywa.

Hapo ndipo nilipoiacha, nikaja kwenu kwa miguu. Aliyesikia amesikia, aliyelala ameota, na wote wawili wamepata.

Fundisho lake? Fundisho lipo. Ndugu zangu, msidanganye, hata siku moja. Uongo haukufikishi popote. Sange ulimfikisha chemchemini na kurudi tu, kila siku, kwa baiskeli, na upepo kwenye masharubu.