Sanduku la Wakwe wa Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma mnanong'ona tu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kisiwa kidogo. Ndege waitwao membe walitaga chini mchangani, kwa kuwa hapakuwa na panya wala paka. Wazee waliotangulia waliweka mwiko: kila mzigo ufunguliwe kwanza kwenye fungu la mchanga nje ya kisiwa, ukung'utwe, ndipo uvuke. Mlinzi wa mwiko huo alikuwa Bi Mize.

Panya wa ng'ambo akasikia habari za mayai. Akajificha katika pakacha la muhogo. Membe akaimba:

"Kung'uta, Bi Mize, kung'uta,
wanangu wamo mchangani."

Bi Mize akakung'uta. Panya akaanguka, mawimbi yakamrudisha kwao akipiga chafya.

Akaja tena ndani ya mkeka uliokunjwa. Membe akaimba, Bi Mize akakung'uta, Panya akaanguka.

Mara ya tatu, binti wa Bi Mize alikuwa anaolewa. Wakwe walileta sanduku la nguo, na Panya akajilaza humo.

Membe akaimba. Bi Mize hakukung'uta.

"Mama, hukunisikia?" Membe akauliza.

"Nimekusikia. Lakini niwapekue wakwe zangu mbele za watu, kama wezi? Watasema sina adabu."

"Mficha uchi hazai, Bi Mize."

"Anayeolewa ni mwanangu, si wako," akasema Bi Mize. Sanduku likavuka.

Ngoma ikapigwa, pilau ikaliwa. Panya naye akala. Akala mayai, akala na makinda. Akazaa, na watoto wake wakala.

Bi Mize alipokwenda ufukweni alikuta maganda matupu. Akalia kwa uchungu. "Membe, nisamehe. Sasa nitafungua kila sanduku, hata la wakwe."

"Nimekusamehe, mama," akasema Membe. "Lakini nitage wapi?"

Akaruka na wenzake wote. Hawakurudi.

Mpaka leo kisiwa kile kinalindwa. Nguo za bibi harusi hukung'utwa, hata sanda hukung'utwa. Mchanga ni safi, na hakuna yai hata moja.

Basi wanangu, ukikabidhiwa ulinzi, usiuache kwa kumwonea mtu haya. Aibu hupita, kilichokwisha hakirudi.

Hadithi nimeitua hapo. Uzuri wake gawaneni, ubaya wake niachieni mimi.