Kucha Safi za Kajiru

Asiyekuwapo na lake halipo. Mmenisikia nikimwambia hivyo mjomba wenu aliyekosa kikao cha ukoo, mkacheka, sasa mnataka kujua maneno haya yalitoka wapi. Haya, wekeni hizo mbaazi chini. Yalianzia milimani Upare, kwa msichana aliyezitazama kucha za mchumba wake.

Msichana huyo aliitwa Nanzia, na mchumba wake Kajiru, kijana wa ng'ambo ya kilima. Kajiru alikuwa na adabu ya kupindukia. Kila Jumamosi alitakiwa kufika kwa kina Nanzia azungumze na wazee, na kila Jumamosi alituma salamu: wamwie radhi, moyo wake uko kwao, ila baragumu limelia na kijiji chao chote kimeitwa kwenye msaragambo kuzibua ndiva. Nani angemlaumu? Ndiva ndilo bwawa linalonywesha mashamba, na msaragambo ni kazi ya wote. Baba yake Nanzia alijisifu kwa watu kwamba amepata mkwe mchapakazi.

Nanzia hakusifu. Tope la ndiva ni jeusi, likiingia kwenye kucha halitoki siku tatu, hata usugue kwa jiwe. Kajiru alikuja Jumatatu na kucha nyeupe pe. Nanzia alimnawisha mikono ili azione vizuri, na roho haikutulia. Yuko mwanamke, alijiambia. Harusi ilikuwa baada ya mavuno, na mbuzi wa mahari walishaingia zizini. Akimshuku bure, atamwaibisha baba yake. Akikaa kimya, ataolewa na mtu asiyemjua.

Jumamosi iliyofuata salamu zikaja zilezile. Nanzia akapika makande, akajitwika chungu, akavuka kilima.

Aliwakuta watu wametoka kwenye tope, wamekaa mbele ya Mzee Senkondo, mgawa maji. Siku hiyo zamu za maji za mwaka mzima ziligawiwa, na kila aliyetajwa aliitikia. Likatajwa jina la Kajiru. Jirani yake akaeleza kwa heshima kwamba kijana ameomba radhi, ameitwa ukweni, kama Jumamosi zote. Wazee wakaitikia kwa vichwa, maana wito wa ukweni haukataliwi.

Nanzia akatua chungu.

"Shikamooni, baba zangu. Ukweni huko ni kwetu. Sisi tumeambiwa yuko hapa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Senkondo alimtazama binti, akakitazama chungu.

"Kwenu hayupo?"

"Hayupo, baba."

"Na hapa hayupo. Basi asiyekuwapo na lake halipo."

Zamu ile akampa aliyefuata, Mbonea, kijana aliyejaa tope mpaka kwenye nyusi. Makande nayo Nanzia aliwapakulia waliochimba, hadi chungu kikabaki kitupu.

Alipokuwa akirudi alipitia kwa mama yake Kajiru. Mama akainamisha uso, akamwonyesha mlango wa chumba cha mwanawe. Hapakuwa na mwanamke. Kajiru alikuwa amelala, blanketi mpaka masikioni, na jua limeshafika utosini. Nanzia aliumia kuliko kama angemkuta na mwenzake, maana mwanamke angalau ni sababu. Mtu huyu alidanganya vijiji viwili kwa ajili ya usingizi.

Jumatatu Kajiru akafika na kucha zake, akawaomba wazee radhi kwa maneno matamu, akamwulizia mchumba wake. Baba alikuwa anawafungua mbuzi awarudishe walikotoka. Nanzia akatokea mlangoni mwenyewe.

"Uniwie radhi sana, kaka Kajiru," alisema, kwa upole uleule wa zile salamu za Jumamosi. "Moyo wangu uko kwako, ila nimeitwa kwingine."

"Umeitwa na nani?"

Kwingine huko kulikuja kuwa kwa Mbonea, lakini siku hiyo Nanzia hakulijua hilo. Alichojua ni maneno ya mgawa maji, akampa Kajiru ayachukue pamoja na mbuzi wake.

"Ulipoitwa hukuwapo, na asiyekuwapo na lake halipo."