Hoja ya Kiboko na Kiu ya Kibibi

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zao na mafiga yao na majirani wa kugombana nao, palikuwa na nguchiro mmoja aliyeitwa Bi Sikitu. Nguchiro mnamjua? Mnyama mdogo, pua imechongoka, macho hayatulii. Akipita kwenye nyasi unasikia chaka-chaka-chaka. Ukigeuka, hayupo!

Bi Sikitu aliishi na mumewe na watoto wao ndani ya kichuguu kilichohamwa na mchwa. Kitindamimba wao, binti mdogo kuliko wote, aliitwa Kibibi.

Mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Visima vikakauka, mito ikabaki mchanga mtupu. Nchi nzima likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa hilo aliishi Jumbe Kiboko.

Jumbe Kiboko alikuwa mkubwa, na sauti yake kubwa vilevile. Lakini wanyama hawakumwogopa kwa ukubwa. Walimwogopa kwa hoja. Alikuwa fundi wa hoja! Akianza kuzungumza anakufunga kidogo kidogo, kama mtu anayekaza kamba, mpaka afike kwenye neno lake alipendalo: "kwa hiyo". Akishasema "kwa hiyo", wewe umekwisha. Huna la kujibu.

Siku moja akawaita wanyama wote ukingoni mwa bwawa.

"Nijibuni," alisema. "Maji yakinywewa, yanapungua au hayapungui?"

"Yanapungua!" wakajibu.

"Yakizidi kupungua, yatakwisha au hayatakwisha?"

"Yatakwisha!"

"Na yakiisha, tutapona?"

"Ah, tutakufa sote!"

Kiboko akapuliza pua, fuuu! "Kwa hiyo, anayekunywa maji anatuua sote. Kwa hiyo, tangu leo asinywe mtu."

Wanyama wakatazamana. Kila mmoja aliipitia ile hoja kichwani, juu na chini, asione pa kuishika.

Swala akauliza kwa woga, "Sasa Jumbe, sisi tutakunywa nini?"

"Hilo ni swali jingine," akajibu Kiboko.

"Na wewe je?" Bi Sikitu akadakia kutoka chini, katikati ya miguu ya watu. "Mbona wewe unakaa humo humo?"

"Nitazame vizuri," Kiboko akasema. Akajitosa bwawani, chubwiii! Maji yakapanda mpaka kwenye majani ya ukingoni. "Umeona? Nikiingia mimi, maji yanapanda. Kwa hiyo mimi siyapunguzi. Mimi nayaongeza!"

Loo! Wengine wakapiga makofi. Nyati ndiye aliyepiga zaidi. Nyati alikuwa na nguvu za kung'oa mti, ila kufikiri kulimchosha haraka, na alimheshimu sana yeyote aliyemfanyia kazi hiyo. Basi akafanywa askari wa bwawa. Akasimama ukingoni, pembe zimeelekea mbele, asiguse maji hata yeye mwenyewe.

Bi Sikitu alirudi nyumbani mikono mitupu. Watoto wamelala sakafuni kwenye ubaridi. Asubuhi walikuwa wamelamba umande, lakini umande wa kiangazi ni kama mate ya nzi. Kibibi alikuwa amefumba macho, midomo imepasuka. Alitaka kulia, na machozi hayakutoka.

"Mama," akasema, "ulimi wangu umekuwa mkubwa."

Mumewe Bi Sikitu akakuna kichwa. "Mama Kibibi, hoja ile nimeigeuza kila upande tangu tulipotoka barazani. Sijaona tundu hata moja. Jumbe yuko sahihi."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana kiu. Lakini hoja..."

"Mimi pia sijaona tundu," Bi Sikitu akasema. "Sina akili ya kumshinda Kiboko kwa maneno. Ila namwona mwanangu huyu hapa, na najua maji yaliumbwa yanywewe. Nitayaleta, mume wangu. Wewe mpepee."

Akatoka mbio, chaka-chaka-chaka, mpaka bwawani. Akapita nyuma ya Nyati, akajibana kwenye kivuli chake mwenyewe Nyati, akachovya mkia majini. Mkia wa nguchiro una manyoya mengi. Ukinywa maji, unatosha kulowesha midomo ya mtoto.

"Simama hapo!"

Puu! Kwato la Nyati likakanyaga ncha ya mkia. Bi Sikitu akapiga ukelele, "Yalaa!"

"Umechukua maji," Nyati akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka, na ulimi wake mwenyewe ulikuwa unaning'inia. "Unataka kutuua sote."

"Nyati, ndugu yangu, wewe mwenyewe huoni kiu?"

"Naona. Naona sana. Lakini hoja niliielewa, Bi Sikitu. Mara moja katika maisha yangu nimeelewa hoja! Siwezi kuiacha." Akamnyanyua kwa mkia, akamkung'uta juu ya bwawa, tya! tya! tya! mpaka tone la mwisho likarudi majini. Kisha akamtupa vichakani.

Bi Sikitu akaanguka kwenye miiba. Mgongo unauma, mkia unauma, na mkia wenyewe mkavu. Alikaa hapo akihema. Hakulia. Alisema moyoni, "Siondoki."

Jua lilikuwa linashuka. Wakati huo Jumbe Kiboko huwa anatoka kwenda malishoni. Bi Sikitu akamwona akiinuka bwawani, gubugubugubu! Maji yakamtiririka mgongoni, yakamtiririka tumboni, yakamwagika nyasini kama mvua. Akapita na kuacha njia nzima ni tope. Na kule bwawani, maji yakashuka.

"Haa!" Bi Sikitu akajiambia. Akachomoa miiba mwilini mmoja mmoja, akaenda kwa Swala, akaenda kwa Nungunungu, akaenda kwa kila mtu. "Kesho njooni bwawani. Nina swali kwa Jumbe."

Asubuhi wakaja, wengine wakijikokota. Kiboko amekwisha rudi, amejilaza majini, pua tu ndiyo inaonekana.

Bi Sikitu akapiga magoti. "Shikamoo Jumbe."

"Marahaba. Nasikia jana ulikuja kuiba."

"Nilikosa, Jumbe. Nilifanya hivyo kwa sababu hoja yako sikuielewa vizuri. Mimi mdogo, kichwa changu kidogo. Nimekuja unifundishe mbele za watu, ili wote tuelewe."

Kiboko akatoa kichwa chote majini. Hakuna kitu alichokipenda kama hicho. "Uliza."

"Kilichokatazwa ni kunywa, au ni kuyapunguza maji?"

"Kunywa kumekatazwa kwa sababu kunayapunguza. Kosa lenyewe ni kupunguza."

"Ndiyo! Sasa naanza kuona. Kwa hiyo hata mimi niliyetaka kuyatoa kwa mkia, nilikosa?"

"Ulikosa. Maji yakitoka bwawani kwa mdomo au kwa mkia, yametoka."

"Kweli kabisa! Na Jumbe unapoingia, maji yanapanda?"

"Yanapanda. Wote wameona."

"Na unapotoka?"

Kiboko akarudi chini, macho na pua tu vikabaki juu.

"Unapotoka, Jumbe," Bi Sikitu akasema kwa upole, "yanapanda au yanashuka?"

"Yanashuka," Nyati akajibu. Hakuwa na hila yoyote. Alikuwa ameyaona kwa macho yake jioni ile.

"Na mwili wako unapotoka, Jumbe, mkavu au umelowa?"

"Umelowa," wanyama wakajibu.

"Sasa hapo ndipo ninapokwama," Bi Sikitu akasema. "Hoja hii ni nzito, mimi siwezi kuimalizia. Tumalizie wewe, Jumbe. Kwa hiyo...?"

Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto. Macho yote yamemkodolea. Angeweza kusema, "Nyamaza, nguchiro we!" Nani angemzuia? Lakini sifa ya hoja ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Kifua kikamjaa, neno likamtoka lenyewe.

"Kwa hiyo... mimi nisitoke."

"Asitoke!" wanyama wakaitikia. Nyati akageuka polepole, na pembe zilizokuwa zimeelekea nje sasa zikaelekea bwawani.

Jioni ikafika. Tumbo la Kiboko likaanza, ngurrr! Akasogea ukingoni.

"Rudi, Jumbe," Nyati akasema.

"Pisha, nataka kula kidogo tu."

"Ukitoka maji yanashuka. Rudi."

"Sikiliza, Nyati. Nisipokula nitakufa. Nikifa humu, maji yataoza. Kwa hiyo..."

"Na sisi tusipokunywa tutakufa. Ulisema hilo ni swali jingine. Rudi, Jumbe, tafadhali. Hoja niliielewa."

Kiboko akarudi. Ngurrr! Usiku kucha lile tumbo lilinguruma hata watoto kichuguuni wakalisikia.

Kulipokucha Bi Sikitu akaja na wenzake, kila mmoja ana mzigo wa nyasi mbichi walizozing'oa chini ya miamba, mahali ambapo Kiboko na tumbo lake hapenyi. Wakaziweka ukingoni, hatua chache tu kutoka majini. Harufu yake, wacha!

"Nyasi hizi ni zako, Jumbe," Bi Sikitu akasema. "Hakuna aliyezikataza. Njoo ule."

Kiboko akanyoosha shingo. Hazifiki. Akanyoosha tena. Hazifiki! Akatoa ulimi wote! Hazifiki.

"Zisogezeni!"

"Zinaliwa hapa hapa, Jumbe. Toka uzifuate."

"Siwezi kutoka! Hoja inanikataza!"

"Basi kaa."

Bi Sikitu akakaa chini mbele yake. Jua likapanda. Bi Sikitu hakusogea, ingawa kooni mwake mlikuwa kama mna mchanga, na kila alipopepesa macho alimwona Kibibi. Nyuma yake mumewe alikuwa amemleta mtoto mgongoni. Kibibi hakuwa anasema tena.

Kiboko akazunguka bwawa, chubwi, chubwi. Akajaribu hoja hii, akaiacha. Akajaribu ile, akaiacha. Mwisho akainuka kwa miguu ya mbele, akapiga kelele mpaka ndege wakaruka mitini:

"Lakini mimi nina njaaa!"

"Hiyo si hoja, Jumbe," Nyati akasema.

"Najua si hoja! Ni njaa!"

Bi Sikitu akasimama. Akamchukua Kibibi kutoka mgongoni kwa baba yake, akamwinua juu mbele ya lile jichwa kubwa.

"Na huyu ana kiu, Jumbe," akasema. "Hiyo nayo si hoja."

Kiboko akamtazama yule mtoto. Kisha akatoka majini pole pole, gubugubu, maji yakashuka. Akapita kando ya Nyati, akainamia nyasi.

Nyati alibaki amesimama, hajui amzuie nani. "Sasa... sasa hoja imekwenda wapi?" akauliza.

"Ndugu yangu," Bi Sikitu akamwambia, "kunywa kwanza. Utafikiri baadaye."

Nyati akainamisha kichwa, akanywa. Gudu! gudu! gudu! Hakuna aliyewahi kusikia mnyama akinywa namna ile. Bi Sikitu akachota maji kwa viganja, akamdondoshea Kibibi mdomoni, tone, tone, mpaka mtoto akafumbua macho na kuanza kulia. Sasa machozi yalikuwepo.

Walipokwisha kunywa, Kiboko akaja akiwa ameshiba, amejaa aibu. "Lakini maji yanapungua kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Hilo sikudanganya."

"Hukudanganya," Bi Sikitu akasema. "Basi tuyanywe kwa adabu. Mtu anywe kiu yake, asiyachezee. Nyati asigaegae humo. Nawe Jumbe, acha kujitosa kwa kishindo, maji yanamwagika nje. Na wenye kwato wachimbe kule mtoni, pengine chini ya mchanga yapo."

Wakachimba, wakapata kidogo. Maji ya bwawani yakapungua, kama Jumbe alivyosema. Siku mvua iliponyesha yalikuwa yamebaki ya kufika magotini kwa Swala, na hakuna aliyekuwa amekufa kwa kiu.

Hadithi yangu imekomea hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: ukiona hoja yako imenyooka lakini inamwacha mtoto na kiu, usimlaumu mtoto, rudi ukaitazame hoja.