Hodi ya Chini kwa Chini

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona sauti nyembamba hivyo, kama mmekunywa uji usio na sukari? Na nyinyi watu wazima huko nyuma, midomo mmeiacha nyumbani? Paukwa!

"PAKAWA!"

Naam, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale kulikuwa na fuko mmoja mdogo, jina lake Kifuko. Acheni kucheka. Si kile kifuko cha babu cha kutilia tumbaku. Huyu alikuwa na meno, na kucha, na mama.

Alizaliwa shimoni. Kitanda chao kilikuwa nyasi kavu, na chakula chao kilikuwa mizizi. Mama yake hakuwa na mali yoyote ila kucha zake kumi za mbele, na kwa kucha hizo alimlea. Wote walimwita Mama Kifuko. Jina lake la usichana lilikwisha sahaulika, na yeye mwenyewe hakulitafuta.

Kila asubuhi alimfundisha mwanawe kuchimba.

"Mkono huu unakata, mkono huu unasukuma," alisema. "Na udongo usiuache nyuma yako, utakuzibia njia. Haya, twende!"

Kwaru-kwaru, sukuma! Kwaru-kwaru, sukuma!

Kifuko akachoka, akalia, akachimba. Akakua, akawa fundi. Nguchiro akataka pango la watoto wake: Kifuko akachimba. Bi Kanga akataka shimo la kuogea vumbi: Kifuko akachimba. Kiangazi kikakausha mto, wanyama wakalia kiu. Kifuko akachimba siku tisa, kwaru-kwaru, sukuma, mpaka maji yakabubujika.

Wanyama wakafurahi mno. Wakamjengea nyumba juu ya ardhi, nyumba ya udongo, paa la nyasi. Na Kifuko akaagiza sakafu. Si sakafu ya mchezo! Chokaa na kokoto, ikapondwa siku tatu. Pu! Pu! Pu! Ikawa ngumu kama jiwe. Halafu akazikata kucha zake, zikawa fupi na safi, akawa anakaa barazani kupokea wageni.

Sasa sikilizeni. Mafuko hawabishi hodi mlangoni. Fuko hubisha hodi chini kwa chini, hugonga mara tatu kutoka ardhini, na mwenyeji asipoitikia, haingii ng'o. Ndiyo adabu yao.

Siku moja Kifuko alikuwa anakula na Nguchiro na Bi Kanga. Mara, pembeni, chini ya mtungi wa maji:

Tu. Tu. Tu.

Kifuko akaujua mkono ule. Akalirudisha tonge sahanini. Akamwaza mama yake akitokeza na udongo masikioni, mbele ya wageni. Akaona haya.

"Nani huyo?" akauliza Bi Kanga.

"Panya tu," akasema Kifuko. "Tuendelee kula."

Panya! Mama yake mzazi!

Tu. Tu. Tu. Halafu kimya.

Wiki ya pili ikawa vivyo hivyo. Wiki ya tatu vivyo hivyo. Tu, tu, tu, na kila akigonga alikuwa anakwaruza kidogo, kwaru, kwaru, halafu anakwenda zake. Kifuko akajifanya hasikii. Lakini chakula hakikuwa na ladha tena.

Kiangazi kikazidi. Adhuhuri moja moto wa nyika ukaja, vuu! Nguchiro akakimbia. Bi Kanga akaruka, purrr! Kifuko haoni mbali, na miguu yake mifupi. Alipousikia moshi, paa lilikwisha shika moto, na ndimi zake zimeuziba mlango.

Akarukia chini achimbe. Kucha hana! Sakafu haichimbiki! Akakwaruza mpaka vidole vikatoka damu.

"Mama!" akalia, kama alivyolia utotoni. "Mama!"

Tu. Tu. Tu.

Kifuko akausukuma mtungi, ukavunjika. Kwaru-kwaru, sukuma! Kokoto zikaruka, sakafu ikatoboka, pua ikatokeza, imejaa vumbi.

"Hodi wenyewe," ikasema pua.

"Mama! Nyumba inaungua!"

"Naona, mwanangu. Lakini nimebisha hodi. Nikaribie?"

Kifuko akaangua kilio.

"Karibu, mama! Karibu kwako!"

Basi mama akamshika shingoni, akamvuta shimoni, akaziba tundu kwa udongo. Juu paa likaanguka, puuu! Chini kulikuwa baridi, kama zamani.

Kifuko akampapasa mama mikono. Kucha hazikuwapo, zimebaki visiki.

"Kucha zako ziko wapi, mama?"

"Zimeishia kwenye sakafu yako. Nilidhani hunisikii. Nikasema ni nene mno, nikiipunguza kidogo kila nikija, iko siku mwanangu atanisikia."

"Nilikuwa nakusikia, mama," akasema Kifuko. "Kila ulipobisha nilikuwa nakusikia."

Mama akampangusa masizi usoni.

"Leo umeitikia," akasema. "Lala."

Kucha za Kifuko zikaota tena, na za mama zikaota polepole. Mpaka zilipoota, Kifuko alimchimbia mama yake mizizi kila asubuhi, na ile mitamu alimpa yeye. Alipojenga tena, hakutia sakafu. Wageni walipomuuliza sababu, aliwajibu bila haya:

"Mama yangu hupita hapa. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi."

Wanangu, na wazazi wenu pia: mlikozaliwa si aibu, na kazi iliyowalea si aibu. Mkishafika juu, mshukuruni aliyewafikisha. Akibisha hodi, mwitikieni.

Hadithi yangu imekomea hapo, njia yake nimeifukia. Mwenye mama nyumbani, aende akamsikilize.