Beseni la Pili

Fundi mmoja alikuwa na kitabu, na kitabu chenyewe hakikuwa chake. Aliachiwa akitunze. Lisikieni vizuri hilo, ndugu zangu, maana hata Zefania, ndiye fundi huyo, alilisikia vizuri siku ya kwanza, kisha akalisahau polepole, kama sisi sote tunavyosahau.

Kilikuwa kitabu cha mitambo midogo na kazi zake. Mwalimu wa ufundi aliyestaafu na kurudi kwao ndiye aliyekiacha hapo kijijini, juu milimani. Humo mlikuwa na pampu ya kuvuta maji bondeni, jiko linalokula kuni chache, kikaushio cha mboga, cherehani na magonjwa yake, na mashine ya kutotolesha vifaranga pasipo kuku wa kulalia. Mkulima alikuwa na kurasa zake, mshonaji zake, na mhudumu wa zahanati zake. Mwalimu alifunga penseli kwenye kitabu kwa uzi mrefu, akaacha sharti moja. Yeyote na aazime, ila akijaribu jambo, aandike pembeni mwa ukurasa limekwendaje. Na aandike kwa penseli, ili atakayeona zaidi asahihishe.

Kwa miaka mingi mambo yalikwenda vizuri. Mtu akitaka kitabu alikwenda kwa Zefania, akikwama alimwuliza Zefania, na Zefania alijibu. Alipenda sana kujibu. Kurasa zilijaa mwandiko wake, naye peke yake katika kijiji kizima aliandika kwa peni ya bluu, akimalizia na herufi ya jina lake, Z yenye mkia. Penseli ni ya watu wanaobahatisha, alijiambia. Hakuna aliyemkemea, fundi ni fundi.

Kwenye ukurasa wa mashine ya kutotolesha, kitabu kilisema beseni la maji liwekwe chini ya mayai ili hewa isikauke. Zefania aliitengeneza mashine hiyo, sanduku kubwa la mbao lenye taa ndani, akaijaribu masika moja ambapo ukungu ulilala mpaka mlangoni. Vifaranga wakatoka. Akaandika pembeni kwa peni: "Beseni moja linatosha. Z." Na masika ile, kwa kweli, lilitosha.

Halafu akaja Namkunda. Huyu alikuwa mshonaji, nyumba yake hatua chache tu kutoka kwa fundi, na cherehani yake ilikuwa imegoma. Zefania alimfungulia ukurasa. Akamwonyesha namna ya kusoma mchoro, kwamba zile namba za kwenye picha ni majina ya vyuma, akamwonyesha na namna ya kushika spana asijiumize vidole. Alimfundisha kwa moyo mweupe kabisa. Wakati huo Namkunda hakujua kitu, na mtu asiyejua kitu hatuumizi roho.

Lakini Namkunda alikuwa na kichwa, jamani. Cherehani ilipopona alirudi kusoma kikaushio. Kikaushio kilipokubali akarudi kusoma mashine ya vifaranga, akatengeneza ya kwake kwa kabati bovu, ndogo, ya mayai thelathini. Akatotolesha masika, akatotolesha kipupwe, akatotolesha hata kiangazi kikavu, ambapo upepo wa mlimani hupasua watu midomo. Na kila alipojaribu aliandika, kwa penseli kama ilivyoagizwa, kwa mkono mzito wa mtu aliyezoea kukandamiza chaki kwenye kitambaa.

Ubaya ulianza kidogo kidogo. Watu walikuja kwa Zefania wakasema, tunaomba kile kitabu tuone Namkunda kaandikaje. Si kitabu kimesemaje. Si fundi kasemaje. Namkunda kaandikaje! Zefania aliwapa huku akitabasamu, na tabasamu lilimchosha mashavu. Siku moja afisa mifugo alipita kutoka wilayani. Zefania alikuwa ameshasikia, amevaa shati safi, amesimama nje tayari kuamkiwa. Afisa akamsalimu kwa adabu zote, kisha akamwuliza njia ya kwenda kwa yule mama wa vifaranga. Zefania akainua mkono akamwonyesha, maana afanyeje? Roho ilimuuma. Semeni ukweli, hata nyinyi ingewauma.

Tangu siku hiyo alikuwa akifungua kitabu kuhesabu, wala si kusoma. Alihesabu mistari ya bluu, akahesabu ya penseli, na kila wiki ile ya penseli ilikuwa imeongezeka. Hamu ya chakula ikampungua. Akisikia cherehani ya Namkunda ikilia upande wa pili wa ua, alihisi kama inamsema yeye. Ndipo ilipofika asubuhi aliyofungua ukurasa wa mashine ya kutotolesha, akaona chini ya Z yake ya bluu mistari kama minane ya mwandiko ule mzito. Wa kwanza ulisema: "Beseni moja halitoshi."

Hakusoma wa pili. Halitoshi! Mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika spana! Ametengeneza kabati moja bovu, sasa anamsahihisha mbele ya kijiji kizima, na chini ya jina lake! Zefania aliivuta penseli kwa uzi wake. Akaigeuza. Kwenye mkia wake palikuwa na kifutio, akaanza kufuta, mstari kwa mstari, mpaka karatasi ikaota manyoya. Akapuliza vumbi. Kisha akahisi amani, na amani ile ilikuwa mbaya kuliko hasira yake, maana hasira ingepita.

Miezi miwili baadaye kideri kiliingia kijijini. Mnakijua kideri. Kuku analala mzima, asubuhi miguu juu. Ndani ya wiki mbili kijiji hakikuwa na jogoo wa kuwika, na nyumba nyingi pale yai ndilo lililokuwa kitoweo, na kuku ndiye aliyekuwa daftari na sare ya mtoto. Ugonjwa ulipokwisha, akina mama walikwenda ng'ambo ya pili ya mlima kwa ndugu zao, wakaomba. Walirudi na mayai mia na ishirini, yamelazwa kwenye pumba ndani ya vikapu, wakitembea taratibu kama watu waliobeba maji ya moto. Waliambiwa waziwazi kwamba hayo ndiyo yote, mengine hakuna.

Mashine ya Namkunda isingeyatosha. Ya Zefania ilitosha, na Zefania alisema, leteni. Alitaka wapate kuku, hilo msimnyime. Lakini alitaka zaidi ile siku ya ishirini na moja, vifaranga wakilia, akina mama wakipiga vigelegele uani kwake, na jina lirudi mahali lilipokuwa.

Namkunda ndiye aliyeleta kikapu cha mwisho. Alisimama mlangoni, upepo wa kiangazi ukimpeperusha kanga, akasema, "Kaka Zefania, huu ni wakati wa ukavu. Yale niliyoandika pembeni umeyasoma?"

"Nimeyasoma, dada," alisema Zefania. "Nenda kapumzike."

Namkunda akaenda. Hakuuliza mara ya pili, kwa sababu alimwamini.

Zefania hakuwa mvivu, na hapa pia tumtendee haki. Aliyageuza mayai mara tatu kwa siku, siku kumi na nane, hakuruka hata mara moja. Taa alizipangusa. Beseni lake moja alilijaza maji kila asubuhi. Siku ya ishirini aliweka sikio kwenye ubao, akasikia sauti ndogo ndogo ndani ya maganda, akacheka peke yake kwa sauti. Siku ya ishirini na moja alikuta maganda yametobolewa, na kwenye kila kitundu ncha ya mdomo ikipumua. Akatuma salamu kwa akina mama waje kesho saa nne.

Kisha pakawa kimya. Vitundu vilibaki vitundu. Zefania alifungua mlango wa sanduku akachungulia, akafunga. Akafungua tena. Kila alipofungua, upepo mkavu uliingia na kunywa unyevu mdogo uliokuwamo, na ile ngozi nyeupe ya ndani ya yai ikazidi kukauka na kuwabana vifaranga kama bendeji. Walilia. Kufika adhuhuri waliolia walikuwa wachache, na Zefania jasho lilimtiririka mgongoni. Cherehani ya Namkunda ilikuwa ikilia ng'ambo ya ua, trrr, trrr. Alitoka mpaka mlangoni. Alifungua kinywa amwite. Akaona jinsi atakavyoingia, atakavyoangalia lile beseni moja, atakavyouliza tena lile swali. Akafunga kinywa. Vifaranga wengi, ndugu zangu, walifia pale mlangoni, si ndani ya sanduku. Akarudi ndani akachukua kitabu.

Maandishi ya kitabu hayakumwambia kitu kipya. Wino wake wa bluu ulimwambia beseni moja linatosha. Chini yake palikuwa na karatasi iliyoota manyoya, basi. Alikipeleka kitabu dirishani, na alipokiinamisha, mwanga ulipita ubavuni mwa ukurasa, akaona mifereji. Mkono mzito wa mshonaji ulikuwa umeikandamiza karatasi. Kifutio kilikuwa kimeondoa weusi tu. Akasoma kwa shida, neno moja moja: "Beseni moja halitoshi wakati wa kiangazi. Siku tatu za mwisho weka beseni la pili, maji ya vuguvugu, na kitambaa kibichi kining'inie humo. Usifungue mlango hata ukisikia sauti. Ngozi ya ndani hukauka, kifaranga hukwama." Hakungoja kumaliza. Alikimbilia jikoni, akarudi na beseni la pili, akaliweka ndani ya sanduku, akaning'iniza shati lake safi likiwa limelowa, akafunga mlango wa sanduku, akaketi chini akiulinda dhidi ya mkono wake mwenyewe.

Asubuhi aliufungua. Vifaranga kumi na tisa walikuwa wamesimama, wakavu, wakigongana. Mayai mia moja na moja yalikuwa kimya, na mengi yake yalikuwa na kitundu na ncha ya mdomo.

Akina mama walikuwa hawajafika. Zefania angeweza kuandaa maneno, na maneno yalikuwapo tele: mayai yalitikisika njiani, kideri kiliingia ndani ya mayai, taa zilizimika. Badala yake alikaa dirishani na kile kitabu, akaishika penseli kwa upande wake wenye ncha, akaanza kuifuata mifereji ya Namkunda, herufi kwa herufi, aurudishe mwandiko mahali pake. Angalau hilo. Alirudisha beseni la pili, akarudisha kitambaa kibichi, akarudisha ngozi ya ndani. Ikabaki mistari miwili ya chini, ile ambayo jana hakungoja kuisoma. Penseli ikapita juu yake, na maneno yakatoka:

"Haya yote yametokana na kaka Zefania. Ndiye aliyenifundisha kusoma michoro, na asiyeelewa akamwulize yeye."

Aliyasoma mara tatu. Alikuwa amefuta jina lake mwenyewe! Kwa mkono wake, kwa nguvu zake zote, akapuliza na vumbi. Yule fundi mtu mzima akaweka paji la uso kwenye kizingiti cha dirisha, akalia. Wale kumi na tisa nao walikuwa wakilia nyuma yake wakitaka maji.

Saa nne akina mama waliingia uani, Namkunda mbele, kila mmoja na kikapu kitupu. Vigelegele vilianza langoni vikafia njiani walipoona uso wa Zefania. Zefania hakutaja njia, wala kideri, wala taa. Alimkabidhi Namkunda kitabu kikiwa wazi. Chini ya maneno yaliyorudishwa palikuwa na maneno mapya, na hayo aliyaandika kwa peni, ili safari hii mtu asiweze kuyafuta, hata yeye: "Nilifuta haya kabla ya kuyasoma. Mayai mia moja na moja yamekufa kwa sababu hiyo. Z."

Akina mama walingoja. Namkunda alisoma taratibu, kidole chini ya maneno, mpaka mstari wa mwisho, maana ndivyo alivyokuwa akisoma siku zote. Kisha akapiga magoti mbele ya sanduku, akaanza kuwahesabia wenzake vifaranga, nyumba hii mmoja, nyumba hii mmoja, mpaka wakaisha na nyumba zikabaki.

Nawe mwenzangu, yule uliyemfuta wiki hii, ulikuwa umemsoma mpaka mstari wa mwisho?